Baba Nakunda Anajifunza Kusuka

Hebu funga macho kidogo. Fikiria uwanja mpana chini ya milima, na nyuzi nyeupe za katani zimeanikwa juani, mstari kwa mstari.

Upepo ukipita, nyuzi zinacheza. Shwaa, shwaa. Ukitazama kwa mbali, utadhani mawingu yameshuka kupumzika.

Sasa fungua macho. Kando ya uwanja huo kuna nyumba yenye mlango wa bluu, na mlangoni amekaa mtoto anayeitwa Nakunda.

Nakunda anaishi na mama yake na baba yake. Baba yake husokota kamba za katani, kamba za kufungia mbuzi na ng'ombe.

Lakini leo mama hayupo. Yuko hospitali ya mjini, amepata mtoto mchanga.

Simu inalia. Tiriri, tiriri.

"Nakunda mwanangu, kesho tunakuja," sauti ya mama inasema. "Mimi na mdogo wako."

"Mdogo wangu ni mzito?" Nakunda anauliza.

"Mzito kama paka. Amelala mapajani mwangu, hataki kutoka."

Nakunda anaweka simu chini. Anashika nywele zake.

Nywele zimefumuka. Upande huu zimelala, upande ule zimesimama, kama nyasi zilizolaliwa na mbuzi.

Mama ndiye humsuka. Mama hukaa kwenye kigoda, na Nakunda hukaa chini kwenye mkeka, katikati ya magoti ya mama.

Hapo ndipo mahali pake. Pana joto, na pananukia mafuta ya nywele.

Sasa Nakunda anawaza. Mtoto akilala kwa mama, mimi nitakaa wapi?

Mama Anaeli, jirani yao, anapita na ndoo kichwani. Anasimama.

"Wewe mtoto, nywele gani hizo? Njoo nikusuke."

"Asante, mama," Nakunda anasema. "Nataka magoti ya hapa nyumbani."

"Leo hapa nyumbani pana magoti ya baba yako tu." Mama Anaeli anacheka mpaka maji yanaruka kwenye ndoo. "Huyo atakusokota kama kamba ya ng'ombe."

Nakunda anamtazama baba. Baba anaitazama mikono yake, mikubwa na migumu.

"Kusuka na kusokota ni ndugu," baba anasema. "Njoo ukae."

Nakunda anakaa katikati ya magoti ya baba. Chanuo linapita. Kwaru, kwaru.

Baba anashika. Baba anavuta. Baba anasokota, halafu anakaza, kwa sababu kamba ya ng'ombe lazima ikazwe.

"Baba, inauma."

"Imekaza vizuri hiyo. Hata fahali hawezi kuikata."

Nakunda anajitazama kwenye kioo. Kichwani pameota pembe mbili.

Chozi moja linashuka, taratibu, mpaka kidevuni. "Mama akija kesho, atadhani umenunua mbuzi."

Baba anataka kucheka. Lakini analiona lile chozi, hacheki.

Anazifungua zile pembe, moja, halafu nyingine. "Pole, mwanangu. Kamba nazijua. Nywele sizijui."

"Basi jifunze," Nakunda anasema.

"Nani atanifundisha jioni hii?"

"Simu. Mama alijifunza humo kufuma kofia ya mtoto."

Simu yao ina ufa mdogo kwenye kioo, kama kijito kinachopita. Baba anaifuta kwa shati lake.

Nakunda hajui kuandika bado. Lakini anakijua kile kipicha cha kipaza sauti: ukikigusa, unasema unachotaka.

Baba anakigusa. "Kusuka," anasema kwa sauti nzito.

Simu inaleta mkeka. Inaleta na kikapu.

"Hukuiambia vizuri, baba. Niachie mimi." Nakunda anaisogelea simu. "Kusuka nywele za mtoto. Kwa mtu anayeanza."

Duara dogo linazunguka. Linazunguka, linazunguka, linazunguka. Huku kwao mtandao huja na kuondoka, kama paka wa jirani.

Wanangoja. Nje, katani zinacheza. Shwaa, shwaa.

Tin. Anatokea mama mmoja mwenye kitenge cha njano, na sauti laini kama uji.

"Karibu," anasema. "Somo hili ni la bure. Lihifadhi kwenye simu yako, uliangalie hata mtandao ukiondoka."

Baba analihifadhi. Kisha anaiegemeza simu kwenye kopo la sukari.

"Lakini safari hii hatuanzi na kichwa changu," Nakunda anasema.

Baba anaenda uwanjani, anarudi na fungu la katani. Analifunga kwenye kitasa cha mlango, nalo linaning'inia kama nywele za bibi.

"Gawa mafungu matatu," anasema mama wa kitenge cha njano. "Kulia njoo kati. Kushoto njoo kati."

Vidole vya baba vinaenda kulia. Vinaenda kushoto. Vinapotea.

"Mbona anakimbia hivyo huyu mama?" baba anauliza.

Nakunda anagusa vistari viwili kwenye simu. Mama wa kitenge cha njano anasimama, mikono yake hewani.

"Ukigusa hapa, anasimama. Ukivuta huku, anarudi nyuma."

"Hakasiriki?"

"Hakasiriki, baba. Unaweza kumrudisha mpaka jua lizame."

Wanamrudisha. Anasema tena, kwa sauti ileile laini. Na Nakunda anaongeza maneno yake mwenyewe.

"Kulia njoo kati, kushoto njoo kati.
Pole pole, baba, tuna wakati."

Baba anakosea. Wanamrudisha.

"Kulia njoo kati, kushoto njoo kati.
Pole pole, baba, tuna wakati."

Baba anakosea tena, lakini kidogo. Wanamrudisha tena.

Na tazama. Kwenye kitasa cha mlango unaning'inia msuko mmoja mweupe, laini, uliotulia.

Baba anaugusa. Anaugusa tena, kama mtu asiyeamini. "Huu nimesuka mimi?"

"Umesuka wewe," Nakunda anasema. Anaingia katikati ya magoti ya baba, anakaa. "Sasa mimi."

Mama wa kitenge cha njano anaonyesha namna ya kupasua njia kwa chanuo. Anaonyesha namna ya kuanzia kwenye paji la uso, na kila hatua kuokota nywele kidogo.

"Usivute," anasema. "Shika kama umeshika kifaranga."

Mikono ya baba inatulia. Inakuwa myepesi. Nakunda anasikia vidole tu, vikitembea.

"Inauma?" baba anauliza.

"Haiumi. Inatekenya."

Jua linateremka nyuma ya milima. Chumba kinakuwa cha rangi ya asali.

"Baba, hiyo njia inaenda wapi?"

"Inaenda kisogoni."

"Hapana. Inaenda hospitali kwa mama."

"Haya," baba anasema. "Inaenda hospitali kwa mama."

Macho ya Nakunda yanakuwa mazito. Sauti inatoka kwenye simu, au inatoka kwa baba, au inatoka kwenye upepo. Hajui tena.

Kulia njoo kati, kushoto njoo kati.

Nakunda anaota. Kichwa chake kimekuwa kilima, na juu ya kilima zinapita njia ndogo, nyeusi, zinang'aa kwa mafuta.

Pembeni mwa njia kumeota katani, nyeupe, laini, ndefu kama mawingu. Shwaa, shwaa.

Mama anakuja kwenye njia ile. Anatembea bila viatu, bila haraka, na mgongoni amembeba mtu mdogo mzito kama paka.

"Chyaa!" Baba anapiga chafya.

Na katika ndoto, njia inapinda. Mama anaifuata kona, anapotea kidogo, kisha anatokea upande wa pili akitabasamu.

Anazidi kuja. Anazidi kuja.

Nakunda anaamka. Asubuhi imeingia, na kichwani amefungwa kitambaa.

Anakifungua mbele ya kioo. Pembe hazipo. Kuna njia ndogo ndogo zinazotoka mbele kwenda nyuma, zimelala vizuri.

Moja tu imepinda.

"Baba, hii hapa ilikuwaje?"

"Hapo nilipiga chafya," baba anasema. "Nikusuke upya?"

Nakunda anaigusa njia ile. Anakumbuka kona, na mama akitokea upande wa pili. "Hapana. Iache."

Mchana, mama anafika. Anatembea bila haraka, na mtoto amefunikwa kwa kanga.

Mama anamkumbatia Nakunda kwa mkono mmoja. Kisha anamtazama. Anamzunguka, anamtazama tena.

"Nani amekusuka?"

"Baba."

"Baba yupi?"

"Huyu huyu wa kwetu."

Mama anamtazama baba. Baba anatazama dari. "Nilifundishwa," anasema. "Mwalimu wangu yumo kwenye simu. Na mwingine huyo hapo, hata darasa la kwanza hajaanza."

Mama anafunua kanga. Nakunda anachungulia.

"Hana nywele," anasema.

"Zitaota."

"Zikiota, baba atamsuka. Mimi nitashika simu."

Jioni inafika. Mama anakaa kwenye kigoda chake, na mtoto analala mapajani mwake, pote pote.

Nakunda anasimama mlangoni. Anashika mlango wa bluu.

"Mbona umesimama, mwanangu?" mama anauliza.

"Pamejaa," Nakunda anasema kwa sauti ndogo.

Mama anatazama mapaja yake.

Basi baba anavuta kiti. Anakaa karibu kabisa na mama, bega kwa bega, na chini anatandika mkeka.

"Hapa hapajajaa," anasema.

Nakunda anakuja. Anakaa chini, katikati ya magoti ya baba, na kichwa anakilaza kwenye goti la mama.

Pana joto. Na sasa magoti ya baba nayo yananukia mafuta ya nywele.

Mama ananyoosha kidole kimoja. Anaifuata ile njia iliyopinda, kutoka kwenye paji la uso, mpaka kwenye kona, mpaka upande wa pili.

"Hii ndiyo nzuri kuliko zote," mama ananong'ona.

"Ndiyo njia uliyopita ukija," Nakunda anasema. Mama haelewi. Lakini Nakunda amekwisha kulala.

Nje, katani zinacheza kwenye upepo. Shwaa, shwaa. Simu nayo imelala kando ya kopo la sukari, na mama wa kitenge cha njano amelala ndani yake.

Na wewe unayesikiliza, vuta shuka lako. Kabla hujalala, ninakuomba ukumbuke jambo moja tu.

Siku ukijifunza kitu na vidole vikapotea, usilie. Simama. Rudi nyuma kidogo. Anza tena.

Kulia njoo kati, kushoto njoo kati.
Pole pole, mwanangu, tuna wakati.