Mzee Eino na Simu za Bima

Mzee Eino Kangas alikuwa akiongea na redio. Redio haikumjibu, na yeye hakuilaumu. Marehemu mkewe, Aili, naye alikuwa mtu wa maneno machache, ila angalau alikuwa anageuka akisemeshwa.

Kila asubuhi Eino alichemsha kahawa. Akachukua vikombe viwili, akakirudisha kimoja. Halafu akakaa kuitazama simu.

Na msimu ule simu ililia kweli! Kila mwaka, majani yakishapukutika, wazee wa Marekani huruhusiwa kubadili mipango ya bima yao ya afya ya serikali, ile Medicare. Basi wauza bima huwazonga kama nzi kwenye embe bivu. Wazee wengine huwakatia simu. Eino hakuweza. Wazazi wake, wahamiaji kutoka Ufini, walimlea hivi: mgeni hafukuzwi, huondoka mwenyewe.

"Mzee wangu, goti linaendeleaje?" aliuliza muuzaji mmoja, Marcy.

"Leo linanung'unika tu."

"Pole, jamani! Sasa ile bima yetu, meno bure, miwani bure..."

Marcy akapiga tena na tena. Eino akaanza kunyoa ndevu kabla simu haijalia. Mwishowe akakubali. Si kwa sababu ya meno. Meno yake yalikuwa ndani ya glasi. Aliogopa kwamba akikataa, Marcy ataacha kupiga.

Akakubali, na Marcy akaacha kupiga.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, kadi mpya ikaja. Siku ya kupimwa moyo, Eino akaipeleka kliniki. Joni, dada wa mapokezi, akaigeuzageuza.

"Mzee Eino, nani kakupa hii?"

"Rafiki yangu."

"Rafiki yako kakuuza! Hii inaanza kazi Januari, na Daktari Hakala haipokei. Itabidi uende kwa daktari wao. Mwendo wa asubuhi nzima, tena theluji ikikuruhusu."

Eino akaegemea kaunta. Daktari Hakala ndiye aliyemfumba Aili macho. Ndiye mtu pekee aliyebaki anayemshika Eino bega.

"Kwa hiyo sitakuja tena?"

"Nenda maktaba sasa hivi. Yupo Lempi Saari, mshauri wa bima. Ni bure, na hauzi kitu."

Lempi! Jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Tangu mazishi ya Aili walikuwa wakipungiana makoleo ya kuzolea theluji tu.

"Nilidhani umehama," Lempi akamtania. "Kumbe upo, unapiga soga na wauza bima."

"Wao wananipigia."

Lempi akaacha utani. Akamvutia kiti.

"Haya, sikiliza. Sehemu A ni ya kulazwa hospitali. Sehemu B ni ya daktari na vipimo. Hizo ni za serikali yenyewe. Daktari yeyote anayepokea Medicare, unaenda. D ni ya dawa. Na ile bima ya nyongeza uliyokata zamani inasaidia kulipa yanayobaki. Tuko pamoja?"

"Tuko. Na ya Marcy?"

"Hiyo ni Sehemu C. Kampuni binafsi inachukua A na B, mara nyingi na D, inafunga furushi moja. Si wizi, wapo inaowafaa. Lakini kwanza unauliza: daktari wangu yumo? Dawa zangu zimo? Wewe uliuliza nini?"

"Niliuliza kama kwao kuna theluji."

Lempi akacheka mpaka akavua miwani. "Ewe Eino! Bima ya nyongeza umeifuta?"

"Bado."

"Afadhali! Usiiguse. Ukiiacha, huenda wakapekua afya yako kwanza, wakakukataa. Na tarehe saba Desemba haijafika. Mpaka siku hiyo unaweza kubadili tena. Chaguo la mwisho ndilo linalohesabiwa."

Wakaipigia Medicare palepale. Eino akajiunga upya na mpango wake wa zamani wa dawa, na kwa hilo ule wa Marcy ukafutika wenyewe.

"Tena ujue," Lempi akasema, "muuza bima haruhusiwi kukuvamia kwa simu kama hukumwomba. Namba ya kadi yako usimpe."

Januari, Daktari Hakala alimshika Eino bega kama kawaida. "Vuta pumzi, mzee." Eino akaivuta polepole, makusudi, ili mkono ule ukae kidogo.

Majani yakapukutika tena. Simu ikalia.

"Mzee wangu! Ni Marcy! Lile goti la kushoto linaendeleaje?"

Eino akalitazama goti lake bovu. La kulia.

"Bima ninayo, binti. Kwaheri."

Akakata yeye. Hakuwahi kumkatia mtu simu maishani mwake. Nyumba ikawa kimya kuliko kanisa la Jumatatu.

Akachukua vikombe viwili. Safari hii hakukirudisha kimoja. Akavijaza vyote, akaenda dirishani, akakiinua cha pili juu, kionekane ng'ambo ya barabara.

Lempi akatupa reki yake kwenye majani, akaja.