Tundu Kwenye Kona ya Kulia

Watu wa maofisini wana ugonjwa mmoja unaonikera sana: kompyuta ikimaliza miaka mitatu tu, kwao imeshazeeka. Inawaka, kioo kizima, vibonye vyote vipo, lakini wanaitupa nje kama takataka. Ndiyo maana siku kampuni moja ya bima ilipofanya mnada nyuma ya jengo lake, watu walifurika mpaka getini, mafundi na wachuuzi, kila mmoja na kelele zake.

Katikati yao alisimama dada mmoja, ovaroli ya bluu imekunjwa mikono, kitambaa chekundu kichwani, bisibisi imechomekwa juu ya sikio. Mtaani wanamwita Kiberiti. Sina haja ya kukueleza kwa nini.

"Nani amezirusha hizi?" alifoka, akiinua kompyuta iliyopasuka kioo. "Nauliza, nani?"

Afisa wa kompyuta wa kampuni ile, kijana mrefu mwenye shati lililonyooka kwa pasi na tai ya kijani, akajibu haraka. "Ni wapakiaji, dada."

"Na wewe ulikuwa wapi? Unalinda tai?"

Umati ukaangua kicheko. Afisa naye akacheka, na Kiberiti akajikuta hasira imempungua. Jambo hilo likamuudhi zaidi.

Jioni, akikagua mzigo alionunua, akampigia simu. "Afisa, chaja tatu hazipo."

"Nitakuletea mwenyewe."

Akazileta. Kesho yake akaleta chaja ya nne, ambayo haikuwa imepungua hata kidogo. Kiberiti akaitazama, akamtazama mleta chaja, akamsogezea kiti.

Kwa miezi minne Afisa alikuwa akitoka kazini anakwenda moja kwa moja karakana, anatundika tai msumarini, anafundishwa. Betri inatoka kwanza. Diski, inayobeba siri za watu, kwenye mashine hizi inakaa kona ya kulia, chini ya kiganja. Bodi ndiyo roho, usiiguse. Na ukutani Kiberiti alikuwa ameandika kwa kalamu nene: FUNGUA KWANZA, NDIPO UHUKUMU.

"Na mimi ukinifungua, mpenzi, utakuta nini?" Afisa alimuuliza jioni moja.

"Vumbi."

"Jamani! Vumbi tu?"

"Vumbi na feni nzuri. Haya, sogea hapa, usinizibie mwanga."

Karakana ile Kiberiti na kaka yake waliachiwa na baba yao, nusu kwa nusu, na kaka aliitaka yote awe anahifadhia matairi. Wakapatana hivi: Kiberiti akiweza kukipelekea chuo cha uuguzi kompyuta themanini kabla ya chuo kufunguliwa, kaka ataacha kudai. Akishindwa, matairi yanaingia.

"Zetu themanini zinastaafishwa mwezi huu," Afisa alimwambia. "Utazipata. Niamini."

Akamwamini. Siku ya kuzichukua akaenda na gari la mizigo, akashuka ngazi za chini ya jengo akiimba. Hatua ya mwisho akasikia drili.

Afisa alikuwa amepiga magoti katikati ya rundo, tai imetupwa begani, drili mkononi, unga wa plastiki mpaka kwenye nyusi. Mezani palikuwa na fomu iliyoandikwa ZIMEHARIBIWA, na saini yake chini.

"Mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Usiniite mpenzi! Umezitoboa zote? Zote themanini?"

"Bosi ametaka..."

"Basi mwambie bosi akuoe!"

Akapanda ngazi mbili mbili. Nje dereva akauliza mzigo uende wapi. "Vyuma chakavu!" alisema. "Sitaki kuuona!" Dereva akafanya alivyoambiwa.

Afisa akapiga simu mara kumi na moja, akazuiwa namba. Akaenda karakana mwenyewe. Kila alipofungua mdomo, Kiberiti aliwasha blowa ya kupulizia vumbi. Akinyamaza, inazimwa. Akisema "Tafadhali," vuuuu! Mwisho aliondoka amejaa vumbi kichwani, na majirani wanachungulia. Mimi nisingerudi.

Wiki moja baadaye Kiberiti alikwenda kwenye uwanja wa vyuma chakavu kutafuta bawaba za vioo. Akaliona rundo lake. Akasonya, akapita, akarudi. Mkono wa fundi hautulii. Akachukua moja, akaifungua.

Betri ilikuwa imetolewa. Tundu lilikuwa kona ya kulia, limepita katikati ya diski kabisa. Bodi haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Akafungua ya pili. Akafungua ya kumi. Zote vilevile. Akaketi juu ya vyuma.

"Nyingine ziko wapi?"

"Zimeshapondwa," mwenye uwanja alijibu. "Ishirini na sita."

"Nani aliwaambia mziponde?"

"Si wewe, dada?"

Akaifungulia namba ya Afisa, akapiga. "Kwa nini hukuniambia?"

Na yule kijana mpole, ambaye miezi minne hakuwahi kupandisha sauti, akalipuka.

"Nisikuambie? Mimi? Bosi aliogopa siri za wateja zitoke, akataka kuona tundu kwenye kila mashine kwa macho yake! Wangepewa vibarua wangetoboa popote, bodi zote zikafa! Siku mbili nimepiga magoti, napima kona kwa rula, kwa ajili yako! Nakuja kukueleza unanipuliza mbele za watu! Ukutani kwako umeandika nini? Hebu nisomee!"

"Fungua kwanza..."

"Malizia!"

"Ndipo uhukumu."

"Mimi ulinifungua?"

Kiberiti akafuta macho kwa mkono wenye grisi. "Hapana. Na ishirini na sita zimepondwa. Hasira hasara, na hasara hii ni yangu. Nisamehe."

Kaka yake hajawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Bado nina hasira," Afisa alisema.

"Kasirika tu. Lakini njoo na bisibisi."

Alikuja, amenuna. Siku nne walifanya kazi karibu bila kusemezana, wakarudisha betri alizokuwa amezitunza Afisa, wakaweka diski mpya, wakaziba matundu, wakajaribu vioo. Hamsini na nne zikawaka. Kiberiti akazipeleka chuoni, akamwambia mkuu wa chuo kwa mdomo wake kwamba pungufu ni kosa lake, si la mtu mwingine. Akapewa mpaka mwisho wa muhula kuleta zilizobaki. Kaka, naye, patano ni patano. Kwa kumwonea huruma alichukua nusu yake tu, na matairi yakajaa kuanzia mlangoni mpaka katikati.

Kiberiti hakubisha. Lakini aliifokea blowa, akaifokea bodi, akayapiga teke matairi.

"Nina jambo la kusema!" Afisa alipaza sauti juu ya muungurumo wa blowa.

Kiberiti akaendelea kupuliza.

"Nimesema nina jambo!"

Kiberiti akainama, akachomoa waya ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Karakana ikawa kimya.

"Haya, sema. Nasikiliza."

"Nataka kukuoa."

"Na hasira zangu hizi?"

"Na hasira zako hizo. Ila hiyo blowa ina swichi."

Kiberiti akaitazama blowa, halafu akamkabidhi.

"Basi ishike wewe," alisema. "Na nikianza kufoka, usinipe."