Folda Yenye Nukta

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, Levina ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kompyuta. Shule yao ilikuwa Ifakara, jirani na mashine za kukoboa mpunga, na vumbi la pumba liliingia madirishani wiki nzima. Alikung'uta kitambaa kilichofunika kompyuta, akafuta meza kwa tambara bichi, halafu akawasha mashine na kusubiri. Kompyuta ilikuwa moja tu, tena ya zamani, na ilichukua dakika kadhaa kuwaka.

Levina alikuwa darasa la sita. Yeye na wenzake wachache walikuwa katika klabu ya sauti iliyoongozwa na Mwalimu Leticia. Waliwarekodi wazee wa bonde la Kilombero wakisimulia habari za zamani na kuimba nyimbo za Kindamba na Kipogoro, kisha wakazihifadhi kwenye kompyuta ile. Mwalimu Leticia alikuwa mpole, lakini kuna jambo moja alilisema kila wiki bila kuchoka: "Humu hakiingii kitu kisicho cha klabu."

Kilikuwa kimeingia. Wiki tatu nyuma, binamu yake Levina alimpa flashi iliyojaa katuni. Nyumbani kwao hakukuwa na kompyuta, kwa hiyo Levina alizinakili kwenye ya shule. Aliziweka katika folda aliyoipa jina la mapumziko, na mbele ya jina akaweka nukta, kwa maana alikuwa amejifunza kwamba folda inayoanza na nukta haionekani mtu anapofungua kompyuta. Tangu hapo, kila Jumamosi aliangalia katuni moja kabla wenzake hawajafika. Alijiambia kwamba hamkosei mtu.

Jumamosi hii hakuangalia. Bibi Rosa alikuwa anakuja.

Bibi Rosa aliishi Mchombe na alikuwa na miaka themanini na moja. Alijua wimbo ambao wanawake waliuimba zamani wakipalilia mpunga, wimbo mrefu wenye kutaja mashamba na vidimbwi vya mto kimoja baada ya kingine. Wenzake wawili waliokuwa wakiuimba pamoja naye walishafariki. Naye kesho yake alikuwa anahamia Songea kwa mwanawe, na gari la kumrudisha Mchombe akafunge mizigo lilikuwa linaondoka saa saba mchana.

Alifika saa nne akiwa ameshikwa mkono na Mwalimu Leticia. Wanafunzi wakasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Nipeni maji kwanza. Gari lilikuwa na vumbi."

Silvano, kijana wa darasa la saba, alimletea maji na kumsogezea kiti chenye egemeo. Levina alimwekea kipaza sauti karibu na kidevu. Bibi Rosa akafumba macho, akaanza kuimba.

Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini haikuyumba. Mikono yake ilikwenda na wimbo, kama mtu anayeng'oa magugu na kuyatupa pembeni. Alikuwa amefika katikati Levina alipoona maandishi mekundu kwenye skrini. Kurekodi kulikuwa kumesimama. Diski imejaa.

Mwalimu Leticia alijaribu tena, na tena. Mwisho akamgusa bibi begani. "Samahani, bibi. Mashine imekataa. Pumzika kidogo."

"Imekataa wimbo wangu?"

"Haina pa kuuweka."

Kisha mwalimu akawageukia wanafunzi. "Kuna mtu ameweka kitu humu?"

Levina aliinamia kibodi. Alitaka kusema, lakini mdomo haukufunguka. Macho ya mwalimu yakaenda kwa Silvano, ambaye mwaka uliopita alikutwa ameweka mchezo wa mpira kwenye kompyuta hiyohiyo.

"Silvano?"

"Si mimi, mwalimu."

"Mwaka jana pia ulianza kwa kusema si wewe."

Silvano aliinamisha kichwa. Levina alimwona akikunjakunja ncha ya shati lake, na bado akanyamaza.

Mwalimu Leticia alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na robo. "Hatuna muda wa kutafuta," alisema. "Video ndizo zinazokula nafasi. Itabidi nifute za Mzee Hermenegildi."

Mzee Hermenegildi alikuwa mvuvi aliyewaonyesha jinsi ya kusuka mitego ya samaki. Alifariki mwezi wa pili. Mkewe alikuja shuleni mara mbili kukaa mbele ya ile skrini na kumsikiliza.

"Mwalimu," Silvano alisema kwa sauti ya chini, "tusifute kwa kukisia. Tupime kwanza."

"Tupime kwa kitu gani?"

"Kuna amri ya kuandika. Kaka yangu wa Chita alinionyesha. Inaitwa du, herufi mbili tu. Inaingia kwenye kila folda, inajumlisha, halafu inakuambia kila moja imechukua nafasi kiasi gani."

Mwalimu alimpisha. Silvano akafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, mahali pa kuandika tu. Aliandika herufi mbili, akaongeza maneno machache ili majibu yatoke kwa gigabaiti na yaonyeshe folda za juu pekee.

"Na zilizofichwa?" Levina aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Inazihesabu zote," Silvano alijibu bila kugeuka. "Nukta haiizuii."

Akabonyeza. Mashine ikaanza kunguruma. Hakuna kilichotokea kwenye skrini isipokuwa alama ndogo iliyokuwa ikiwaka na kuzimika.

Levina angeweza kusubiri. Folda haikuwa na jina lake, na kila mtu chumbani alikuwa tayari anamdhania Silvano. Alitazama mgongo wa Silvano, ulioinama juu ya kibodi kumwokolea marehemu video zake, na akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, itatokea folda inaitwa mapumziko. Ni yangu. Ni katuni. Niliziweka na nikazificha, na ulipouliza nilinyamaza." Akamgeukia Silvano. "Silvano hakufanya kitu."

Mwalimu Leticia alisogea kwenye skrini. Majibu yalikuwa yameanza kushuka, mstari baada ya mstari. Hadithi, gigabaiti moja. Video za Mzee Hermenegildi, mbili na nusu. Mapumziko, tatu. Levina alifunika uso.

"Ngoja," alisema Silvano. "Kuna nyingine."

Mstari wa mwisho ulisema: nakala, gigabaiti hamsini na nane.

Wote wakamwangalia mwalimu, kwa sababu folda ya nakala aliigusa yeye peke yake. Silvano akapima tena, safari hii ndani ya folda hiyo. Zikatokea folda kumi na tano, kila moja na tarehe yake, na ukubwa wake ulikuwa unakaribiana.

Mwalimu Leticia alikaa polepole kwenye dawati la mbele.

"Ni mimi," alisema. "Mzee Hermenegildi alipofariki niliogopa. Nikawaza, mashine ikiharibika, sauti yake itapotea kabisa. Basi nikawa nanakili kila kitu upya, na ya zamani siifuti. Ndiyo maana leo nilithubutu kutaka kufuta zile video, nilijua nakala ipo. Sikujua tu kwamba zimekuwa nyingi hivi." Akamgeukia Silvano. "Nimekushuku bila kupima. Nisamehe, mwanangu."

"Yameisha, mwalimu," alisema Silvano, na akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Walifanya kazi haraka. Mwalimu alinakili folda ya tarehe ya mwisho kwenye flashi mbili, kwa kuwa nakala iliyo ndani ya mashine ileile ingeharibika pamoja nayo. Walipohakikisha inafunguka, wakafuta zile kumi na tano. Levina alifuta folda yake kwa mkono wake, kisha akaenda kusimama mbele ya Silvano.

"Nilikuacha ushukiwe. Samahani."

"Ningekasirika zaidi kama ungesubiri mstari utokee," alisema Silvano.

Ilikuwa saa sita kasoro. Bibi Rosa alikuwa amesinzia kitini. Levina alimgusa goti.

"Bibi, sasa pana nafasi."

"Ya kutosha?"

"Ya kutosha kabisa."

"Basi nitaanza mwanzo. Na kuna ubeti nilikuwa nimeuruka, nikidhani watoto mtachoka."

Akaimba wimbo wote, dakika ishirini na mbili, na hakuna maandishi mekundu yaliyotokea. Alipomaliza, mwalimu, Levina na Silvano walimsindikiza hadi kituoni, Silvano akibeba mkoba wake. Mwalimu Leticia alimpa mojawapo ya flashi, ikiwa na wimbo wake, awasikilizishe wajukuu wa Songea. Bibi aliifunga kwenye pindo la kanga.

Gari lilipoondoka, Levina aliuliza, "Mwalimu, adhabu yangu ni nini?"

"Kila Ijumaa utapima diski kwa amri ya Silvano na kuandika majibu ubaoni. Na katuni, utaniomba. Mwisho wa muhula tutaangalia wote pamoja." Waliendelea kutembea. "Umesikia hesabu yangu, hamsini na nane. Yako tatu. Lakini usijifariji kwa hilo. Kama hizo tatu zisingekuwepo, bibi angemaliza wimbo mara ya kwanza."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nimejifunza kitu leo, na nataka nanyi mkishike. Ile amri haikuuliza kipi ni cha mwalimu na kipi ni cha mwanafunzi. Haikumwonea Silvano kwa sababu ya mwaka jana. Imesema kilichopo, basi, na ndiyo maana tuliweza kutengeneza. Ukiulizwa, Levina, fanya hivyohivyo. Sema kilichopo, hata kama ni chako. Leo ulichelewa kidogo, lakini ulisema wakati bado ungeweza kunyamaza. Hilo nimeliona."

Levina alimshika mwalimu mkono, na watatu wakavuka barabara kurudi shuleni.