Wanamtaka Mume Wangu, Wananiita Wifi

Picha ilinikuta nimeshika pasi ya moto.

Mume wangu, kwenye ngazi za ofisi ya wakili, amemkumbatia mwanamke. Si kumbatio la salamu. Amemshika kwa mikono miwili, kidevu kakilaza juu ya kilemba chake, macho kayafumba kama mtu aliyefika nyumbani.

Mwanamke kageuza mgongo. Uso hauonekani.

Chini ya picha wameandika: "Mtu mwenyewe ndiye huyu hapa."

Nikasikia harufu ya kitu kinaungua... Nilidhani ni moyo wangu. Kumbe ni bitana ya gauni la bibi harusi.

"Wewe, gauni hilo," alisema Vifungo.

Wapendwa, kaeni vizuri. Najua mna haraka ya kumtukana mtu na bado hamjajua wa kutukanwa ni nani.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni ya harusi na nguo za jukwaani. Vifungo ni mwenzangu pale kazini. Kazi yake ni kutia vifungo na kuchunguza maisha ya watu, na hiyo ya pili anaifanya kwa bidii zaidi.

Mume wangu ni mwanamuziki. Mpaka asubuhi ile mlimjua kwa jina la Kishindo.

Jina hilo alipewa na lebo, kampuni inayotoa nyimbo zake. Lebo ndiyo iliyomvika, ikamnyoa, ikamfundisha kucheka mbele ya kamera. Na siku Bosi wa lebo alipogundua kwamba kijana wake ana mke, alijikuna kipara.

"Mwimbaji wa mapenzi akiwa na mke, anamwimbia nani? Wasichana wananunua ndoto. Ndoto haina mke."

"Sasa mke wangu nimfiche wapi?" mume wangu aliuliza.

"Usimfiche. Sema ni dada yako."

Sisi tukacheka. Bosi hakucheka.

Ndivyo nilivyolala mke nikaamka dada.

Nikapewa na kazi juu yake: kuongoza grupu la mashabiki, Wanakishindo. Maana nani anajua habari za kaka kuliko dada yake?

Wasichana wa grupu wakanibatiza jina. Wifi.

"Wifi, umeamkaje?"

"Wifi, kaka anapenda rangi gani?"

"Wifi, nisemee kwa kaka. Mimi mahari sitaki, nauli nitajilipia."

Jamani, mnajua ilivyo kuitwa wifi na wanawake wanaomtaka mumeo? Unawajibu kwa alama za moyo huku meno yameumana. Mmoja alijiita Mke Mtarajiwa. Huyo nikiona jina lake tu, chai ilikuwa inanichachukia mdomoni.

Nikavumilia. Nilijiambia, siku atakayotoka kwenye lebo, na mimi nitatoka mafichoni.

Siku ikafika. Yeye na lebo walikuwa wameshagombana hadi hawasalimiani. Nyimbo zake zilizuiwa, safari akapangiwa bila kuulizwa. Wakili akawapatanisha kwa shingo upande: aende zake, lakini jina libaki. Kishindo ni mali ya kampuni, kama kiti na feni.

"Jina jipya umeshapata?" nilimuuliza akivaa viatu.

"Nimepata."

"Lipi?"

"Utalisikia pamoja na wenzako. Utalipenda."

Akanifinya shavu, akaondoka.

Haukupita muda akaingia laivu kutoka kwa wakili. Akasema, "Kishindo si jina langu tena. Kuanzia leo niiteni Mume wa Mtu. Jioni nawangoja ukumbini, kwenye onyesho la jina jipya."

Simu yangu ilitetemeka mpaka ikaanza kutembea juu ya meza.

"Mume wa nani?"

"Jina gani hili? Nikimwambia mke wangu naenda kumtazama Mume wa Mtu, nitarudi nyumbani salama?"

"Hii ni kiki, anatafuta kusemwa tu. Subirini wimbo."

"Mimi nimejichora Kishindo mgongoni. Nani ananifuta?"

"Lebo imemchanganya kijana wetu. Tuandamane."

"Kama kuna Mtu, atajwe. Sisi tumempigia kura miaka yote, hatuwezi kuletewa Mtu kimya kimya."

Na Mke Mtarajiwa naye: "Wifi, sema ukweli. Kaka kaoa?"

Mimi nilikuwa natabasamu peke yangu kama chizi. Mtu ni mimi. Hatimaye, mbele ya macho yao wote, Mtu ni mimi...

Ndipo picha ikaingia.

Vifungo aliikuza kwa vidole viwili. Naye alikuwa anaamini mimi ni dada.

"Shoga, humjui huyu?"

"Simjui."

"Hujui mke wa kaka yako? Basi wanakuficha. Kaka yangu mimi hanunui hata soksi bila kuniuliza."

Nikampigia mume wangu. Akakata. Nikapiga tena. Akakata, kisha akaandika: "Bado tuko kwa wakili. Usiseme chochote grupuni mpaka jioni. Nakuomba."

Tuko. Yeye na nani?

Mpaka jioni nikae nangoja kama mboga sokoni? Nilirudi grupuni kutafuta faraja. Nikakuta wameshaanza kumpenda.

"Huyu anaonekana mtu mzima, ametulia."

"Tazama alivyomkumbatia. Hapo kafika."

"Tumempokea Mtu wetu."

Mke Mtarajiwa ndiye aliyenimaliza. Aliandika: "Naumia, lakini anamfaa. Wifi, mfikishie salamu zangu."

Nimfikishie salamu. Mimi.

Nikajifuta uso kwa kipande cha hariri, nikaegemeza simu kwenye cherehani, nikaingia laivu.

"Nisikilizeni. Mtu ni mimi. Mimi ndiye mke wake wa ndoa, tangu hajajulikana na yeyote kati yenu. Na huyo wa kilemba ni mwizi. Nikimtia mkononi nitamshona mdomo kwa uzi wa jinzi."

Nikangoja pongezi.

Halafu...

"Wifi?"

"Si wewe ni dada yake?"

"Toba. Kaka na dada?"

"Wazazi wao wanajua?"

"Mimi natoka grupu. Nina watoto nalea."

Nikaisogeza simu karibu na mdomo.

"Sikilizeni, mimi si dada yake. Lebo ndiyo ilituambia tuseme hivyo."

"Mbona ulitusimulia mlivyokuwa mnagombania blanketi utotoni?"

"Ulisema mmenyonya ziwa moja."

"Ulilia kabisa siku ile unasimulia."

Kweli nililia. Kazi nikipewa huwa naifanya.

Nikazima. Nyuma yangu Vifungo alikuwa kaduwaa, sindano mkononi.

"Kwa hiyo zile salamu nilizokuwa nampelekea kaka yako..."

"Mume wangu."

"Ulikuwa unazifikisha?"

"Hata moja."

"Afadhali," alisema, akaendelea kutia kifungo. Lakini alikitia upande usio wake.

Bosi hakuchelewa. Lebo ilitoa tamko, refu, lenye huzuni ya kununua: "Tumesikitishwa. Tulimlea kijana huyu kwa maadili. Hatukujua anaishi vipi na dada yake. Tunashukuru ameliacha jina letu likiwa safi."

Mdomo uleule uliosema "sema ni dada yako". Uleule.

Simu ikaita. Mume wangu.

"Mwenye ukumbi kafuta onyesho la jioni," alisema. Sauti ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyoniogopesha. "Umefanya nini?"

"Wewe umefanya nini? Wa kilemba ni nani?"

"Ni dada yangu."

"Dada yako niko hapa."

"Dada yangu wa kweli, wewe mwanamke. Wa tumbo moja."

Nikakaa chini, juu ya rundo la vitambaa.

Wapendwa, ninaye wifi. Alikwenda kufanya kazi ughaibuni kabla sijaolewa. Namjua uso tu, ule wa kwenye simu. Mgongo wake nilikuwa sijawahi kuuona.

"Nilimwita aje," mume wangu aliendelea. "Jioni, jukwaani, nimsimamishe yeye niseme huyu ndiye dada, kisha nikusimamishe wewe niseme huyu ndiye mke. Lakini wakili alitaka tusimtaje mke wala dada kabla Bosi hajatia saini ya mwisho. Ndiyo maana nilikuomba."

"Ungeniambia."

"Nilitaka kukushtukiza."

"Mke hashtukizwi. Mke anaambiwa."

"Na mke hasemi na nchi nzima kabla hajasema na mumewe."

Akakata simu. Alikuwa amepoteza jina asubuhi, na sasa amepoteza jukwaa la kuanzia jina jipya. Na safari hii aliyemnyang'anya hakuwa Bosi.

Sijamaliza kupenga kamasi, mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamke na sanduku la magurudumu. Kilemba kilekile.

"Wewe ndiye unayetaka kunishona mdomo?"

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Uzi wa jinzi uko wapi?"

Akavuta kiti, akaketi kando yangu, akaniambia niwashe simu.

"Mimi ndiye dada yake," aliwaambia. "Huyu ni mke wa ndugu yangu. Lebo iliwadanganya."

"Mmemkodi wapi?" walijibu.

"Anafanana naye pua tu. Pua kila mtu anayo."

Akawaonyesha kitambulisho chake.

"Hicho hata jirani yangu anatengeneza."

Akaanza kusimulia utoto wao.

"Hata yule mwingine alisimulia vizuri. Alilia na kulia."

Nilijificha uso. Kila mlango wa ukweli alioujaribu, mimi nilishaupigilia misumari kwa mkono wangu. Wifi akachoka, akairudisha simu kwenye cherehani, akanigeukia. Hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Tena umemkondesha ndugu yangu."

"Nilimkuta hivyohivyo."

"Sisi tulikupa mtu ana mashavu."

"Mashavu kayaacha kwa lebo."

"Na kila nikipiga simu unaniambia yuko bafuni. Bafuni mchana kutwa? Anaoga au anafugwa?"

"Wifi, kaka yako akiingia bafuni anaimba nyimbo zake zote na za wenzake. Kama hujui hilo, mlilelewa pamoja wapi?"

"Usinifundishe ndugu yangu. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Alikuwa anaogopa povu."

"Bado anaogopa."

"Bado?"

"Anafumba macho, ananyoosha mikono, mpaka nimmwagie maji mimi."

Wifi alitaka kucheka, akajizuia, akatafuta kosa lingine.

"Na kola ya shati lake leo ilikuwa imepinda. Fundi gani wewe, mumeo anakwenda kwa wakili na kola imepinda?"

"Kola ilitoka hapa imenyooka kama rula. Imepinda ulipomning'inia shingoni kwenye ngazi za watu."

"Nimning'inie nani? Ndugu yangu mwenyewe namwombea kibali?"

"Ukija kwangu, ndiyo."

Vifungo alinivuta mkono. "Shoga... mko hewani."

Tukageuka wote wawili. Komenti zilikuwa zinapanda kwa kasi kiasi cha kutosomeka. Nikaanza kuzikamata mojamoja.

"Hawa ni mawifi. Naapa."

"Hii vita naijua. Ninayo nyumbani kwangu."

"Kitambulisho nilikikataa. Kwa hili la kola nimeamini."

"Hakuna mtu wa kukodi anayeweza kuuma hivi. Huyu ana uchungu wa damu."

"Bosi ajitokeze atueleze. Nani alisema ni dada?"

Aliyeandika "natoka grupu" alirudi. Aliyejichora mgongoni akauliza kama kuna nafasi ya kuongeza neno. Mwenye ukumbi alimpigia mume wangu akasema milango iko wazi, mradi mawifi wote wawili waje.

Sitawadanganya kwamba yalikwisha vizuri. Ukumbi haukujaa. Wengi waliokuwa wanamtaka walikuwa wananunua ndoto kweli, na Bosi aliwajua. Viti vya mbele, vya wasichana, vilibaki vitupu, na mume wangu aliviona. Lakini aliimba. Akanisimamisha. Akasema, "Huyu ndiye mke wangu," na sauti ikamkatika kidogo, na sikumpongeza kwa sababu nilikuwa nalia.

Halafu akamsimamisha dada yake. Na ukumbi ukapiga makofi zaidi.

Zaidi kuliko yangu. Nilisikia.

Wiki hii grupu limepiga kura ya kumchagua kiongozi mpya. Amechaguliwa yeye. Wanamwita Wifi, wanamuuliza kaka anapenda rangi gani, naye anawajibu bila kuniuliza, na anakosea. Nawaona wanacheka naye. Mume wangu naye anacheka, kitandani, simu kaiweka juu ya kifua... Wivu, wapendwa, ukimaliza kwa huyu unahamia kwa yule. Haulipi kodi popote.

Lakini nimejifunza, na nawaachia. Ukikubali kuitwa usichokuwa, utaonja uchungu wa jina hilo. Siku ukitaka kulivua, watakaokukatalia ni walewale uliowaaminisha, na hawatakuwa na kosa. Na wewe mwanamume unayepanga kumfurahisha mkeo kwa siri, siri na wivu haviwekwi chumba kimoja. Mwambie.

Jana Mke Mtarajiwa aliniandikia faraghani. Nilijiandaa kwa vita, nikavuta kiti kabisa.

"Dada," aliandika, "yamepita, nakuombea heri. Ila nina swali. Mume wako hana kaka?"

Nikamjibu: "Hana. Ana dada mmoja tu. Na hata kama angekuwa na kaka kumi, dada yao ni yuleyule, naye ndiye angekuwa wifi yako."

Kasoma. Mpaka sasa hajajibu.