Mayungiyungi Matatu Yaliyokataliwa

Oda iliingia dukani Jumatatu, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Mayungiyungi matatu meupe yenye vikonyo virefu, utepe mweupe na kadi. Yapelekwe kwa mwanamke anayeishi peke yake katika nyumba yenye geti la njano, nyuma ya kituo cha mafuta.

Duka ni la wifi yangu, mke wa kaka yangu. Ninayoyaandika hapa niliyaona mwenyewe, au aliniambia yeye, au niliyasoma katika maelezo ya polisi kwa sababu ya kazi yangu gazetini. Nisipojua, nitasema sijui.

Maduka ya maua hutumiana oda. Mtu aliye mji wa mbali analipa katika duka la kwao, duka hilo linapiga simu duka la huku, na duka la huku linafunga shada kwa maua yake lenyewe. Hakuna kinachosafiri isipokuwa maneno. Hata kadi huandikwa huku, kwa mkono wa muuza maua, kama anavyosomewa kwenye simu. Siku hiyo sauti ya mwanamume ilimsomea wifi maneno mawili: "Usiyaache yakauke." Wifi akauliza aandike jina gani la mtumaji. Akajibiwa, "Anajua."

"Wanaume wa siri hao," wifi alimwambia dereva wake wa pikipiki, mtu wa miaka hamsini na kitu ambaye dukani wanamwita Polepole. "Wahi kabla hajabadilisha mawazo."

"Nikikimbia mnasema navunja maua, nikienda taratibu mnanibandika jina," alisema Polepole, akaondoka.

Alirudi saa tano kasoro dakika kumi, shada likiwa bado mkononi. Mwanamke wa geti la njano alifungua, akayaona maua, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Jua lilikuwa kali, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya glavu ya sufi. Hakuligusa shada.

"Yachomeni leo leo," alisema. "Msiyatie majini. Nakuomba, baba, msiyatie majini."

Polepole aliufikisha ujumbe neno kwa neno. Wifi alicheka, akasema mapenzi yakiisha hata ua huonekana nyoka.

Katika kazi ile, ua zima halitupwi. Shada likikataliwa hufunguliwa, vikonyo vinarudi ndooni, na hadi jioni vimeingia katika mashada mengine. Wateja hawaambiwi. Wiki hiyo boksi la mayungiyungi lilikuwa limefika pungufu. Kwa hiyo wifi aliichana kadi, akaufungua utepe, akatumbukiza vikonyo vitatu katika ndoo ya bluu iliyokuwa kando ya kaunta. Hakuvikata tena, kwa sababu alikuwa amevikata asubuhi ile ile. Baadaye tulielewa kwamba hapo ndipo alipoponea.

Kila shada linalotoka dukani kwake huenda na kikaratasi chenye maelekezo kwa mpokeaji: kata ncha ya kila kikonyo kwa mshazari, kisha weka kwenye maji safi. Ncha iliyokatwa hivyo hunywa vizuri zaidi.

Jumanne shada moja lilikwenda kwa daktari wa meno, mitaa miwili kutoka dukani. Lilikuwa la pongezi, limetumwa na mdogo wake. Katikati lilikuwa na yungiyungi moja jeupe. Lilipokelewa na msaidizi wake, mwanamke aliyefanya naye kazi miaka kumi na mmoja. Alisoma kikaratasi, akachukua mkasi mkubwa wa kukatia plasta, akakata ncha moja baada ya nyingine.

Wagonjwa wawili walikuwa wakisubiri. Wote wawili waliwaambia polisi kitu kile kile: msaidizi aliyatia maua majini, akayatazama kama dakika mbili, kisha akabeba chombo cha maua mkono mmoja na mkasi mkono mwingine, akaingia chumba cha daktari bila kubisha hodi.

Ilichukua watu wanne kumtoa. Daktari alikuwa amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Havikuwa sakafuni. Vilikuwa vimesimamishwa ndani ya chombo, kati ya maua, kucha zikiangalia juu.

"Alikuwa ananyauka," msaidizi aliwaambia polisi. "Nilitaka anywe."

Niliandika habari hiyo kwa aya nne. Mhariri aliniuliza kama walikuwa wapenzi. Nikamwambia hakuna aliyesema hivyo.

"Basi andika polisi wanachunguza," akasema. "Na vidole viache kwenye aya ya tatu, watu wanakula."

Jumatano, mwalimu mkuu wa shule ya msingi alistaafu. Walimu wenzake walimwagiza shada. Alifika nalo nyumbani saa nane mchana. Mume wake, karani mstaafu, alilipokea mlangoni, akaenda kulikata ncha kwa kisu cha jikoni.

Jirani aliwaona kupitia dirisha la ua wa nyuma, saa nane na nusu. Walikuwa wamesimama, mume amemkumbatia mkewe kiunoni, mke ameegemeza kichwa begani kwake. Jirani alidhani wanacheza muziki. Kisha akaona beseni.

Mume alikuwa amemkata juu ya vifundo vya miguu, vyote viwili, kwa mshazari. Alikuwa amemsimamisha katika beseni la kufulia lililojaa maji, akamshikilia asianguke. Alipoulizwa anafanya nini, aliomba maji zaidi.

Mwalimu alikufa kabla gari la wagonjwa halijafika.

Nilifika kabla ya saa kumi. Mezani palikuwa na kikaratasi cha duka la wifi. Kando yake kulikuwa na chombo cha maua. Waridi zilikuwa zimelegea kwa joto, lakini yungiyungi moja jeupe lilikuwa limesimama wima. Nikakumbuka nimeliona lingine jana yake, nilipokwenda kwa daktari wa meno kufuata habari. Usiku ule sikumpigia wifi. Niliogopa kuonekana mjinga. Hilo ni kosa langu, nalisema.

Alhamisi, saa tano kasoro robo asubuhi, niliingia dukani kwake.

"Wifi! Leo umekuja kununua, au unatafuta habari kwa wanyonge?"

Nilimweleza kwa sauti ya chini, kwa sababu palikuwa na mteja. Wifi aliacha kufunga utepe. Mteja alipotoka, aligeuza kibao cha mlangoni kikasomeka "Tumefunga".

"Yalikuwa matatu," alinong'ona. Akanieleza habari ya geti la njano.

"La tatu liko wapi?"

Aliiangalia ndoo ya bluu. Haikuwa na kitu.

"Mama leo anatimiza sabini," alisema. "Nimemfungia mwenyewe. Kaka yako amelipeleka sasa hivi."

Nilipiga simu ya mama. Alipokea haraka, sauti yake ina furaha.

"Mwanangu, umenikumbuka! Kaka yako yuko jikoni hapa, anayapunguza vikonyo. Mwambie mkwe wangu ana mkono wa baraka."

"Mama, toka nje."

"Nitoke niende wapi na goti hili?"

"Toka sasa hivi, mama. Nenda kwa jirani."

"Una nini wewe? Ngoja, huyu hapa anakuja."

Simu haikukatwa. Nilisikia kiti kikiburuzwa. Kisha nikasikia sauti ya kaka yangu, ya upole, kama anavyoongea na watoto wake.

"Mama, umenyauka."

Polepole alikuwa nje, anafuta kiti cha pikipiki. Hatukumweleza. Tulipanda wote wawili nyuma yake, nikasema tu, "Kwa mama, haraka." Siku hiyo hakwenda taratibu. Tulitumia dakika saba.

Mlango ulikuwa wazi. Redio ilikuwa inasoma habari. Sebuleni kiti kimelala ubavu, na zulia limevutwa kuelekea bafuni.

Kaka alikuwa amepiga magoti juu ya mapaja ya mama, kisu mkononi. Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa umelazwa juu ya ukingo wa ndoo ya maji. Chombo cha maua kilikuwa sakafuni, karibu yake. Kidole kidogo cha mama kilikuwa tayari ndani.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa anamwita kaka kwa jina la utotoni, tena na tena, kwa kunong'ona.

"Baba Pacha," wifi alisema. "Baba Pacha, acha."

Hakugeuka. "Ngojeni kidogo," alisema. "Bado vinne."

Polepole alimpiga kichwani kwa helmeti. Kaka aliyumba, akarudi palepale. Polepole akampiga tena. Kaka alizungusha kisu bila kuangalia, shavu la Polepole likafunguka mpaka meno yakaonekana. Nilikishika kisu kwenye makali kwa mikono miwili. Kaka alivuta. Nikakishikilia. Mikono iliteleza kwa damu. Akavuta tena. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu anayetia uzi kwenye sindano.

"Choma!" nilimwambia wifi. "Lichome!"

Alilichomoa yungiyungi kwenye chombo, akakimbia jikoni. Nilisikia jiko la gesi likiwaka. Ua lilikuwa bichi, lilichelewa. Kaka alimsukuma Polepole ukutani. Aliniangusha. Alikanyaga kifua changu. Alimshika mama mkono. Kisu kikagusa kidole cha pili.

Kikasimama.

Harufu ya nywele zilizoungua ilitoka jikoni. Kaka alikaa chini kwenye maji yaliyomwagika. Alimtazama mama, akaitazama mikono yake, akatutazama sisi.

"Mama amefanyaje?" aliuliza.



Kaka yuko mahabusu. Anakumbuka alisoma kikaratasi, akakata ncha, akaona kikonyo kinatoa tone moja la maji. Baada ya hapo anakumbuka maumivu ya kichwa na sisi tukilia. Polepole alishonwa nyuzi kumi na tisa. Alipotoka hospitali alimwambia wifi kwamba akimwona tena na ua jeupe ataacha kazi siku hiyo hiyo. Wifi alimwambia asihofu, duka limefungwa.

Nilipiga simu katika duka la mji wa mbali ambalo mpigaji alisema oda imetoka kwao. Mwenye duka alikagua mbele yangu, kwa simu ya video, daftari zima la mwezi huo. Hakuna oda ya mayungiyungi aliyoituma huku. Hana mfanyakazi mwanamume. Boksi lile lilikuwa na mayungiyungi arobaini. Nilifuatilia thelathini na mawili, hakuna aliyedhurika. Matano sikuyapata. Matatu ni yale yaliyofungwa na kadi.

Ijumaa nilikwenda kwenye geti la njano. Mwanamke alilifungua kiasi cha kiganja. Nilimweleza yote. Alisikiliza, akaivua glavu. Mkono ulikuwa na kidole gumba na cha shahada tu.

"Mimi alinikata mume wangu," alisema. "Kwenu alikatwa nani?"

"Mama yangu. Kidole kimoja."

"Kidonda kinamuuma?"

"Hapana. Madaktari wanasema kitapona haraka."

Alivaa glavu taratibu.

"Kingemuuma ningewapa pole tu," alisema. "Kama hakiumi, rudini hospitali, mwanangu. Msichelewe kama nilivyochelewa mimi."

Akafunga geti. Niligonga mpaka majirani wakatoka. Hakufungua tena.

Jioni ile ile tulimrudisha mama hospitali, wakasema bendeji isifunguliwe kabla ya Jumatatu. Jumatatu daktari aliyemshona aliifungua. Kwenye kidonda palikuwa na nyuzi nne nyeupe, kila moja urefu wa sentimita moja. Alidhani ni za kushonea. Akakumbuka alitumia nyuzi nyeusi. Alizivuta kwa koleo, zikatoka bila damu, na mama hakusikia kitu. Zilipelekwa maabara. Jibu lilirudi siku ya tatu: ni mizizi, aina ya mmea haikutambuliwa.

Mama ameanza kuomba maji mara kwa mara. Anakunywa jagi zima bila kupumua. Anasema hajambo. Kila asubuhi anaomba kitanda chake kigeuzwe kielekee dirishani.

Jumatatu ya pili nilikuwepo bendeji ilipofunguliwa. Nyuzi zilikuwa saba. Daktari alivuta ya kwanza, ikatoka ndefu kuliko mkono wa mama. Aliendelea. Mama alikuwa ametulia, anatazama mwanga.

Alipoanza kuvuta uzi wa saba, vidole vya mguu wa kulia vya mama vilijikunja. Alilegeza, vikanyooka. Akavuta tena, vikajikunja.

Daktari aliweka koleo chini. Ilikuwa saa nne na dakika tano asubuhi. Ameandika hivyo kwenye faili.