Kikombe cha Tano

Brightness alinikabidhi ufunguo wa nyumba ya marehemu kaka yake saa kumi jioni, chini kwenye ukumbi wa jengo, akaniambia niwahi. Kesho asubuhi wenye jengo wangekuja kutoa kila kitu, na mmea wake wa bangi ungeishia jalalani.

"Kata kabla jua halijazama, Mzee Asad," alisema. "Kaka alilisisitiza hilo mpaka hospitali."

Nikamjibu kwamba najua. Na nilijua kweli.

Kaka yake, Onesphore, mtu wa Kigoma, alikaa ghorofa ya kumi na mbili hapa Crescent Town, huku ughaibuni. Mimi na mke wangu tuko ya nne. Kanizfatema alipomaliza matibabu ya saratani, mifupa ilibaki ikimuuma kiasi kwamba hata shuka likimgusa analia. Mwanetu Reza, anayekaa Richmond Hill, alimletea mafuta ya bangi ya dukani, chupa kwa chupa. Hayakumfaa kitu. Ya Onesphore yalimfaa. Aliyapika mwenyewe kutoka mmea mmoja wa miaka mingi aliouweka kabatini chini ya taa, akanifundisha namna ya kumkanda nayo mke wangu, kuanzia kifundo cha mguu kwenda juu. Taratibu, alikuwa akiniambia. Taratibu.

Alinifundisha na kukata vipandikizi. Unachagua tawi changa, unalikata kwa mshazari chini kidogo ya kifundo, unalichovya kwenye unga wa kuotesha mizizi, unalichomeka kwenye kikombe cha udongo na kulifunika kwa plastiki. Huo si mtoto wa mmea, alisema. Ni mmea uleule, unaendelea. Ila usikate baada ya magharibi, maana umelala. Ukiukata usingizini haujui kama umekatwa, unabaki kumngoja mwenyewe aje kuutunza. Mama mkwe wangu kule Tanga alikuwa na mwiko huohuo. Alimchapa Kanizfatema vidole kwa kuchuma asumini jua limeshazama.

Lifti ilikuwa mbovu. Mimi ni mlinzi wa usiku, na mchana namwuguza mke. Siku mbili sikuwa nimelala. Nikapanda ngazi, na nilipofika ghorofa ya tisa nikakaa nivute pumzi kidogo tu...

Nilipofumbua macho, dirisha la ngazini lilikuwa jeusi. Wekundu wa mbinguni ulishafutika.

Hapo ndipo nilipopaswa kurudi, na hapo ndipo ninapojilaumu. Lakini kesho mmea ungetupwa, na chupani mafuta yalibaki ya siku tatu.

Nikafungua mlango. Nyumba ilikuwa baridi. Ilinuka bangi, na juu yake dawa ya kuchua aliyokuwa akijipaka Onesphore kifuani. Taa ya kabatini ilikuwa imezimwa. Nikawasha tochi ya simu, nikaishika kwa meno, nikakata kwa mkasi. Kwacha. Matawi manne, maana sheria ya huku ni mimea minne kwa nyumba. Kwacha. Kwa uchovu nikachana gome la tawi la tatu.

Nyuma yangu mtu akashusha pumzi.

Nikasimama tuli. Friji ilikuwa imechomolewa. Hakukuwa na kitu cha kunguruma mle ndani.

"Taratibu..."

Sauti ilitoka karibu na bega langu. Nikakata la nne bila kugeuka, kwa sababu nilikuwa nimelijia na sikuwa na nguvu ya kulijia tena. Kisha nikatoka, na ghorofa zote nane nilishuka mbio kwa magoti haya ya miaka sitini na mbili.

Nikavipanda vipandikizi kwenye vikombe vinne, nikavifunika kwa plastiki, nikaviweka kwenye sinia dirishani chumbani kwetu. Nikamfunika mke wangu. Nikaenda kazini.

Asubuhi niliporudi, plastiki ilikuwa imefunuliwa na kukunjwa mara nne, pembe kwa pembe. Majani yalikuwa na unyevu. Kanizfatema alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu Oktoba. Alipoamka akanitazama kwa upendo.

"Baba Reza, jana ulinikanda vizuri," alisema. "Mikono yako tu ilikuwa baridi."

Sikumkanda. Niliondoka akiwa macho, analia.

Vipandikizi hungoja wiki mbili ndipo viote. Hivi viliota siku ya tatu, na mizizi ikatokeza chini ya vikombe. Nikampigia Brightness nikamweleza yote, pamoja na kusinzia ngazini.

"Vitupe, Mzee," alisema. "Kaka alikuwa mtu mwema. Lakini kitu alichokitunza, hakukiacha."

Nikaingia chumbani na mfuko wa taka. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, uso umerudi rangi yake. Akaniuliza mfuko wa nini, na sikumficha. Nilimwambia mikono ile si yangu, na ni ya nani. Nilitegemea apige kelele. Yeye ni mwanamke wa stara, hajawahi kuguswa na mwanamume mwingine.

Alivuta shuka mpaka shingoni.

"Usiviguse," alisema. "Mimi nalala, Asad."

Nikakaa pembeni ya kitanda nikalia. Niliogopa, ndiyo, lakini zaidi nilikuwa nimechoka. Yeye akilala, na mimi nalala. Nikaurudisha mfuko jikoni.

Leo ni siku ya tisa. Nimerudi kazini alfajiri, theluji viatuni, na chumbani kunanuka dawa ya kuchua. Amelala upande, tabasamu usoni. Nikainama dirishani kuangalia sinia.

Vikombe vitano.

Nikahesabu tena, kwa kidole. Cha tano hakina jani. Kimechomekwa kishungi cha nywele fupi nyeupe, zile zilizoanza kumwota tena baada ya matibabu. Nikamgeukia Kanizfatema. Nyuma ya sikio, nywele zimekatwa, kwa mshazari.

Nikakishika kishungi kwa vidole viwili, nikakivuta kidogo.

Hakikutoka. Kimeshika udongo.

Alijigeuza usingizini, akahema bila maumivu. Nikaangalia kopo la maji lililokuwa pale, limejaa, sikulijaza mimi. Udongo wa kikombe cha tano ulikuwa umeanza kukauka juu.

Nikaumwagilia. Taratibu.