Tepu Nyeusi kwenye Nguzo ya Tatu

Diwani Clayburn Stacy alimkuta mkewe sebuleni saa kumi jioni, Jumapili ya kupamba makaburi, siku ambayo karibu kila mtu hushinda huko. Bi Imogene alikuwa sakafuni, ameegemea kochi, amekufa, simu ya mezani imemlalia mapajani. Kimashine cha kufuatilia moyo alichofungwa kifuani kilikuwa bado kinawaka taa nyekundu, kinaita hospitali ambayo haikusikia kitu. Simu nayo ilikuwa bubu, maana ilipita kwenye waya uleule wa intaneti.

Naibu sherifu Lorene Tackett alifika saa kumi na moja kasoro. Aliufuata waya kutoka ukutani hadi nguzo ya kwanza, akaenda ya pili, na kwenye ya tatu akaegemeza ngazi. Waya ulikuwa umekatwa mara moja, safi. Ncha zote mbili zilikuwa zimezungushiwa tepu nyeusi ya mafundi, na mwisho wa tepu umekunjwa kidogo kama sikio la kushikia. Hakuna kipande kilichochukuliwa.

"Ni Denver Napier huyo!" diwani alifoka kutoka chini. "Nani mwingine anaiba nyaya huku? Mkamate kabla sijamfuata mwenyewe!"

Bonde la Pawpaw lina nyumba ishirini na nne. Moja tu ilikuwa na intaneti ya kasi, ya diwani, pale mdomoni mwa bonde, na waya uliishia kwenye ukuta wake. Kwa sababu ya nyumba hiyo moja, ramani ya serikali ililipaka bonde zima kijani: limeshahudumiwa. Wengine wote waliendesha maili tisa wakaegeshe nje ya kanisa la Wabaptisti, wadoee intaneti ya mchungaji. Ukilalamika, unafunuliwa ramani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mchora ramani ndiye asiyemjua kabisa.

Saa moja jioni Lorene alimkuta Denver barazani kwake, anatafuna kuku baridi wa karamu ya makaburini.

"Denver, leo saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi ulikuwa wapi?" Ndiyo saa ambayo kampuni ilisema laini ilikufa.

"Nimelala. Peke yangu. Najua, ushahidi mbovu."

"Diwani anasema ni wewe."

"Diwani hata maziwa yake yakichacha, ni mimi. Sikiliza, dada. Ungekuwa waya wa shaba ningeuchukua, sikufichi. Lakini ule ni faiba, vioo vitupu mle ndani. Vioo nimuuzie nani? Mimi mwizi, Lorene, mjinga sijawa."

"Huyo aliyekata aliufunga na tepu."

"Aufunge?" Denver aliacha kutafuna. "Usije ukapata mafua?"

Lorene alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Mwizi hafungi alichokikata. Anayefunga ni mtu wa nyaya za simu za zamani, ambaye hawezi kuvumilia maji ya mvua yaingie ndani. Na anayekunja mwisho wa tepu ni fundi aliyepanda nguzo kwenye theluji, glavu mikononi, akamfikiria mwenzake atakayekuja kuifungua. Sikio kama lile Lorene alikuwa nalo nyumbani, kwenye bomba alilofungiwa majira ya baridi. Usiku huo hakulala.

Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa jikoni kwa mjomba wake, Hobert Ratliff. Mzee huyo alipanda nguzo za simu miaka thelathini na minne, na yeye na marehemu mkewe Ocie ndio waliomlea Lorene tangu ana miaka sita. Alimmiminia kahawa.

"Mjomba, jana ulifika makaburini saa ngapi?"

"Mapema, kama watu wote."

"Watu wote tulifika saa nne. Kaburi la Mama Ocie halikuwa na ua hata moja mpaka saa saba. Nililiona, nikasema labda ni uzee."

Mzee alirudisha birika kwenye jiko. Mshikio wake uliopasuka ulikuwa umezungushiwa tepu nyeusi, mwisho umekunjwa.

"Umeukata, mjomba, halafu ukaufunga."

"Ungeingia maji," alisema taratibu. "Anayekuja kuunganisha angepata tabu."

"Kwa nini?"

"Leo saa tano wapimaji wa intaneti wa serikali wanakuja. Wanapima pale kwa Clayburn tu. Wakikuta hakuna kitu, bonde linatoka kwenye kijani, na sisi tunavutiwa waya. Siku moja tu, mwanangu. Jumapili ya makaburi, nani anabaki nyumbani?"

"Mgonjwa, mjomba. Mgonjwa anabaki."

Hobert alikaa chini.

"Ocie alinifia ndani ya gari pale kanisani, daktari tuliyempigia kwa video amekwama kwenye skrini, mdomo wazi, hasemi. Nikaapa hakuna mwanamke mwingine wa bonde hili..." Hakuimaliza. Alilia kama mtoto, na Lorene alitamani asingekuwa askari, wala asingelijua sikio lile.

"Vaa koti, mjomba," alimwambia.

Walipopita nguzo ya tatu, saa tatu na nusu, fundi wa kampuni alikuwa anashuka ngazi. Kwa diwani waya haukai siku mbili umekatika. Saa tano wapimaji walipima, wakaridhika, na Pawpaw ikabaki kijani.

Mwendesha mashtaka alitaka maelezo ya mtuhumiwa kabla ya saa sita, na mjini ni mwendo wa saa tatu. Lorene aliegesha nje ya kanisa, mjomba kiti cha nyuma, pingu mikononi. Aliyaandika yote kama mzee alivyoyasimulia, akamsomea, kisha akabonyeza kutuma. Kompyuta ilifika nusu, ikaganda. Akajaribu tena, ikaganda palepale. Saa sita kasoro dakika nane.

Mzee alikuwa anatazama kwa juu ya bega lake.

"Hapa hapashiki, mwanangu," alisema. "Sogeza gari kwenye ukuta wa jiko la kanisa. Ocie alikuwa anapapenda pale."

Lorene aliwasha gari, akasogea. Maelezo yakaenda.